Kibali katika maisha ya leo kisiwani Bali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kibali? Si karatasi ya kuombwa manispaa?

Ndiyo, na pia ni mto na mgodi wa dhahabu kaskazini-mashariki mwa Kongo. Lakini ukitia kiambishi ki- kwenye jina Bali unapata vilevile lugha ya Wabali, watu wa kisiwa kilicho mashariki mwa Java nchini Indonesia. Wenyewe huiita Basa Bali. Katika ukurasa huu Kibali ni lugha. Ile karatasi ya manispaa tutaiita ruhusa.

Ni lugha ya Kiaustronesia. Ndugu zake wa karibu ni Kisasak cha kisiwa cha Lombok na Kisumbawa, na ndugu wa mbali yuko jirani na pwani yetu: Kimalagasi. Sikiliza hesabu tu. Mtu wa Bali husema telu, lima, pitu kwa tatu, tano, saba. Mmalagasi husema telo, dimy, fito.

Lugha yenye watu milioni tatu inahuishwaje? Kwani ilikufa?

Haikufa. Sensa ya mwaka 2000 ilipata wasemaji milioni 3.3 hivi, na hata leo ukienda sokoni alfajiri, au kwenye mkutano wa mtaa (banjar), au hekaluni siku ya odalan (sikukuu ya hekalu), utasikia Kibali tangu mwanzo hadi mwisho. Kilichotokea ni kwamba lugha ilirudi nyuma hatua kwa hatua kutoka mahali pa watu wote: ofisini, benki, hospitali, darasani, kwenye mabango ya barabara, kisha mezani kwa familia za mjini Denpasar ambako wazazi wawili Wabali husemezana Kibali wao kwa wao, na wakimgeukia mtoto husema Kiindonesia.

Sababu moja inajulikana. Kiindonesia kilitangazwa lugha ya umoja na vijana mwaka 1928, kikawa lugha ya taifa baada ya uhuru wa 1945, na shule, serikali na ajira zikakifuata. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana hapa: Kiindonesia nacho kilitokana na Kimalay, lugha ya bandari na biashara isiyo ya kabila moja kubwa, ikapanda ngazi hadi ikulu huku lugha za nyumbani zikibaki nyumbani.

Sababu ya pili ndiyo nzito zaidi, na ni ya Kibali chenyewe: ngazi za heshima. Asiyeielewa hii hataelewa kwa nini mabango yamejaa Kibali na vinywa bado vinasita.

Ngazi za heshima ni nini hasa?

Kwa Kibali huwezi kusema "kula" hivihivi. Kwanza unapima nani anakula, nani anaambiwa na nani anasikiliza. Ngamah ni neno la mnyama, au la mtu aliyekukasirisha. Madaar au naar ni la rafiki. Ngajeng ni la adabu ya kawaida. Ngrayunang ni la kumkweza anayekula. Nunas ni la kujishusha unapokula wewe mwenyewe mbele ya mkubwa. Mfumo mzima huitwa sor singgih basa, yaani lugha ya chini na juu, na ngazi zake zinazotajwa sana ni kasar (ya ukali), andap (ya kawaida), madia (ya kati) na alus (ya adabu). Alus nayo imegawanyika: alus singgih humpandisha mtu mwingine, alus sor hukushusha wewe, alus mider hutumika kwa wote.

Si maneno yote yenye ngazi. Ni msamiati wa mwili, wa ndugu, wa mwendo, wa kula, kulala, kufa, wa viwakilishi. "Mimi" ni icang kwa rafiki, tiang kwa mtu wa kawaida unayemheshimu, titiang kwa mkubwa au hadharani. "Jina" ni adan, wasta, au parab. Nyumba ya mtu wa kawaida ni umah, ya kuhani wa Kibrahmana ni griya, ya mtawala ni puri.

Nani mkubwa? Zamani jibu lilikuwa tabaka la kuzaliwa. Brahmana, Ksatria na Wesia, kwa pamoja triwangsa, husemeshwa alus. Watu wa Jaba, ambao ndio wengi, huwajibu hao kwa alus nao wakajibiwa kwa andap. Siku hizi umri, cheo, na kutofahamiana vimeingia kwenye hesabu hiyo, kwa hiyo watu wawili wasiojuana huanza wote kwa alus, kisha mmoja humuuliza mwenzake kwa adabu "anakalia" wapi, maana yake wa tabaka gani, ili wajue pa kutulia.

Kosa la mwanafunzi ni lilelile kila mara: anakariri maneno mazuri kabisa ya alus singgih, kisha anajitumia mwenyewe. Akisema tiang ngrayunang amejitangaza mfalme anayekula. Watu watacheka, na kicheko hicho ndicho kinachowanyamazisha vijana.

Kwa hiyo vijana hukimbilia Kiindonesia kwa hofu?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Kiindonesia ni uwanja tambarare. Saya ni "mimi" kwa waziri na kwa muuza maji. Wala hili si la kizazi cha simu. Mwaka 1925 wasomi wa Jaba mjini Singaraja walianzisha jarida la Surya Kanta kupinga upendeleo wa matabaka, na mzozo wao na jarida la Bali Adnyana ulihusu pia nani asemeshwe kwa lugha gani. Majarida yote mawili yaliandikwa kwa Kimalay. Yaani hata waliokuwa wakigombania Ubali waliona afadhali wagombane kwa lugha isiyowalazimisha kuinamiana.

Ndiyo maana sisi tunaona kipimo halisi cha uhuishaji ni kijana kuthubutu kusema sentensi tatu za ngazi ya kati kwa mtu asiyemjua, bila kuogopa. Mabango ni rahisi kuhesabu na ndiyo yanayopigwa picha, lakini hayasemi.

Sheria zinasemaje?

Katiba ya Indonesia, ibara ya 32, inaitaka dola iziheshimu na kuzitunza lugha za maeneo. Sheria ya lugha na bendera, Na. 24 ya 2009, inazipa serikali za mitaa kazi ya kuziendeleza, ingawa inaweka Kiindonesia mbele katika nyaraka rasmi. Kwa ngazi ya mkoa, Bali ilikuwa na sheria ndogo Na. 3 ya 1992 juu ya lugha, maandishi na fasihi ya Kibali. Mwaka 2018 ikaja mpya, Na. 1.

Mara mbili mambo yalitikisika kwelikweli. Kwanza 2013: mtaala mpya wa taifa ulitaka kuzimeza lugha za maeneo ndani ya somo la sanaa na utamaduni. Walimu, wanafunzi wa vyuo na waandishi waliandamana Denpasar, na gavana akatoa Kanuni Na. 20 ya 2013 iliyolinda Kibali kama somo linalojitegemea, saa mbili kwa wiki. Pili 2018: gavana Wayan Koster, mara tu baada ya kuapishwa, alitoa Kanuni Na. 80. Hiyo ndiyo iliyobadilisha sura ya mitaa, kwa mambo matatu:

- maandishi ya Kibali yawekwe juu ya herufi za Kilatini kwenye mabango ya ofisi, shule, mahekalu, barabara na huduma za umma na za utalii;
- Kibali kisemwe kila Alhamisi, siku za mwezi mpevu (Purnama), mwezi mwandamo (Tilem) na sikukuu ya mkoa tarehe 14 Agosti;
- Februari yote iwe Mwezi wa Lugha ya Kibali.

Kanuni dada yake, Na. 79, inahusu mavazi ya asili kwa siku zilezile. Kwa mgeni hiyo ndiyo inayoonekana kwanza: Alhamisi karani wa benki amevaa kilemba (udeng) na kikoi chao (kamen).

Alhamisi ofisini inakuwaje? Kazi haisimami?

Haisimami, kwa sababu nyaraka zinabaki kwa Kiindonesia. Kinachobadilika ni mazungumzo ya kaunta na ya mikutano. Ofisi zilizofaulu zilianza kwa maneno machache ya kudumu ambayo kila mtu anaweza kuyasema bila kupima tabaka la mteja. Haya yanatosha kwa mwezi wa kwanza:

Om Swastyastu (salamu ya kuanzia, kwa Wahindu), rahajeng semeng (za asubuhi), durusang malinggih (karibu ukae), inggih (ndiyo), nenten (hapana), sampun (tayari), antos jebos (subiri kidogo), nunas ampura (samahani), suksma (asante).

Kumbuka matamshi: a ya mwisho wa neno hutamkwa kwa irabu hafifu ya katikati ya mdomo, ile ambayo Kiswahili hakina. Suksma husikika karibu na "suksme" iliyomezwa. Katika vijiji vya milimani vya Bali Aga huisikia a kamili, na huko ngazi za heshima ni chache pia.

Panapoharibika ni mkutano. Mwenyekiti hufungua kwa alus ya kukariri kwa dakika tano, kisha ajenda ya kwanza ikigusa bajeti wote wanahamia Kiindonesia. Msamiati wa bajeti, mtandao au bima haujazoeleka kwa Kibali, na hakuna ubaya kuyakopa maneno hayo na kubaki na sarufi ya Kibali. Wazee wa lugha hulalamika kuhusu mchanganyiko huo. Tunafikiri wamekosea: bila mchanganyiko, kinachobaki ni kimya.

Nataka bango la duka langu liwe na maandishi ya Kibali. Nianzie wapi?

Anzia kwenye maana, usianzie kwenye kompyuta. Amua kwanza kama unaandika neno la Kibali au unahamisha tu sauti za Kiindonesia kwenda herufi za Kibali. Barabara ni jalan kwa Kiindonesia na margi kwa Kibali cha adabu. Ukiandika "jalan" kwa herufi za Kibali umevalisha mgeni kilemba.

Pili, tafuta asili ya kila neno. Maandishi ya Kibali (aksara Bali, au Hanacaraka) yana konsonanti za msingi 18: ha na ca ra ka, da ta sa wa la, ma ga ba nga, pa ja ya nya. Hizo zinatosha maneno ya kienyeji. Maneno yaliyotoka Kisanskriti na Kikawi (Kijava cha kale cha fasihi) huandikwa kwa herufi za ziada ambazo masikio hayazitofautishi. Kanuni hizo huitwa pasang aksara. Mfano ulio karibu ni jina la lugha yenyewe: kwa sikio ni "basa", lakini asili yake ni bhāṣā, kwa hiyo msomi huandika ᬪᬵᬱ, kwa ba kembang yenye tedong ya kurefusha irabu, na sa sapa badala ya sa ya kawaida. Guna huchukua herufi iitwayo "na rambat". Sastra huanza na sa saga. Anayeandika kwa kusikia tu atasomeka, ila ataonekana kama aliyeandika "zawabu" akitaka thawabu.

Tatu, rudisha alama ya é. Kibali kina e mbili: é ya wazi, inayoandikwa kwa taling, na e hafifu, inayoandikwa kwa pepet. Tahajia ya Kiindonesia huziandika zote "e". Programu ya kugeuza herufi ukiipa "Denpasar" itakupa pepet, kumbe jina hutamkwa Dénpasar. Mabango mangapi yameharibikia hapa! Iandikie "Dénpasar" ndipo uipate hii: ᬤᬾᬦ᭄ᬧᬲᬃ.

Tulifungue neno hilo, maana lina karibu kila mtego. Kwa mpangilio wa kuchapa ni alama 7: da, taling, na, adeg-adeg, pa, sa, surang. Taling huchapwa baada ya da lakini huonekana kabla yake. Adeg-adeg ni alama ya kuua irabu. Ikifuatwa na konsonanti haionekani, bali konsonanti inayofuata hubadilika umbo ikaambatana na ile ya kwanza. Surang ni r ya kufungia silabi, hukaa juu ya sa. Ukiona kwenye bango, katikati ya neno, adeg-adeg imesimama wazi na herufi hazijaambatana, ujue fonti au programu imeshindwa. Isipokuwa pale ambapo kuambatana kungefanya konsonanti tatu zirundikane: hapo adeg-adeg huachwa wazi makusudi, kama katika tamblang, na kwenye kompyuta unailazimisha kwa kuongeza alama isiyoonekana ya kutounganisha, U+200C, baada yake.

Nne, kabla ya kumpelekea mchapaji, geuza maandishi yawe michoro. Mashine yake ikikosa fonti utapata visanduku vitupu. Programu yake ya usanifu ikiwa haijui kupanga maandishi changamano utapata viduara vya vitone na taling iliyohamia upande usio wake. Yote mawili tumeyaona yakichongwa kwenye jiwe, na jiwe halina kitufe cha kufuta.

Tano, acha nafasi. Maumbo ya kuning'inia hushuka chini ya mstari na alama za irabu hupanda juu. Nafasi kati ya mistari iwe mara moja na nusu hadi mara mbili ya ile ya Kilatini. Maneno hayatenganishwi kwa nafasi; usiyatenganishe ili "yasomeke". Nambari huzungushiwa carik, kijimstari cha kutua, upande huu na huu, kwa sababu baadhi ya tarakimu zafanana na herufi.

Sita, mpe mtu asome. Mtu, si programu. Kila kijiji kina anayelipwa kwa kazi hiyo, tutamfikia.

Fonti gani? Na kwa nini faili langu la zamani linaonyesha takataka?

Kibali kiliingizwa katika Unicode toleo la 5.0, mwaka 2006, eneo la U+1B00 hadi U+1B7F. Noto Sans Balinese na Noto Serif Balinese ni za bure. Vimala hupendwa kwa sura inayokaribia mwandiko wa lontar, vitabu vya majani ya mtende.

Faili la zamani huenda lilichapwa kwa Bali Simbar, fonti ya I Made Suatjana iliyowabeba walimu na wachapaji miaka mingi kabla ya Unicode. Hiyo iliweka michoro ya Kibali juu ya vitufe vya Kilatini. Kompyuta inadhani umeandika "k" na alama za uakifishaji, fonti ndiyo inayochora Kibali. Ukilipeleka faili kwenye mashine isiyo na fonti hiyo, kinabaki Kilatini kisicho na maana, na hakitafutiki mtandaoni. Kubadili fonti peke yake hakutalitibu. Lazima ligeuzwe alama kwa alama au lichapwe upya. Kwa waraka wa kurasa chache, kuchapa upya huwa haraka zaidi.

Huyo anayelipwa kijijini ni nani?

Ni penyuluh Bahasa Bali. Neno penyuluh ndilo hilo hilo la bwana shamba, kwa hiyo tumwite afisa ugani wa lugha. Mkoa ulianza kuwaajiri 2016 kwa hesabu ya mmoja kwa kila kijiji na mtaa wa kiserikali, na Bali ina 716. Kazi zao: kufundisha watoto baada ya shule, kukagua mabango, kuandaa mashindano, na kuhudumia lontar.

Lontar ni vitabu vya majani ya mtende wa jamii ya mvumo. Jani huondolewa uti wa kati, hukaushwa, hulowekwa, huchemshwa na viungo, hukaushwa tena, kisha hukandamizwa kwenye kibano kwa miezi ili linyooke. Hutobolewa matundu matatu. Mwandishi hukwaruza herufi kwa kisu kidogo kiitwacho pangrupak, bila wino, hutia masizi ya kemiri (kokwa yenye mafuta) iliyochomwa, kisha hufuta uso; weusi unabaki ndani ya mikwaruzo tu.

Maktaba maarufu ya lontar ni Gedong Kirtya, Singaraja, iliyoanzishwa 1928. Lakini sehemu kubwa ya hazina iko nyumbani mwa watu, juu ya dari au kwenye kibanda cha ibada, na hapo afisa hugonga mlango wenye kufuli lisiloonekana: lontar ni tenget, ina nguvu, haifunguliwi ovyo. Familia nyingi huitoa siku ya Saraswati tu, mara moja kila siku 210, huitolea sadaka na kuirudisha bila kuifungua. Afisa mwenye busara hapeleki brashi siku ya kwanza. Hupeleka ombi, husubiri siku njema, huacha familia itoe sadaka yake, na kazi hufanywa palepale. Kuomba kuondoka nayo ndiyo njia ya haraka ya kufukuzwa.

Usafishaji wenyewe: vumbi kwa brashi laini kavu, uchafu ulioganda kwa alkoholi juu ya kitambaa, ukifuata mwelekeo wa mistari, herufi zilizofifia huwekwa masizi mapya ya kemiri, mwisho mafuta ya mchaichai, yanayolainisha jani na kuwachukiza wadudu. Makosa ni maji (jani huvimba na kuota ukungu) na kukunjua kwa nguvu jani lililokauka. Paka mafuta kwanza, subiri, ndipo ufungue.

Shuleni Kibali kinafundishwa vizuri?

Kinafundishwa. Vizuri ni neno lingine. Saa mbili kwa wiki zikigawanywa kati ya maandishi, hadithi, mashairi na majina ya ngazi za heshima, mtoto huhitimu akiweza kuandika Hanacaraka na kutaja aina za alus, ila hawezi kumwomba jirani amkopeshe ngazi ya kupandia. Maandishi yanapendwa na mitihani kwa kuwa ni rahisi kusahihisha. Walimu wanaofaulu hugeuza mpangilio: miezi ya mwanzo mazungumzo ya andap na madia tu, kisha alus sor ya kujishusha, ambayo hukosewa kwa hasara ndogo, na alus singgih mwisho.

Februari kuna nini?

Bulan Bahasa Bali, tangu 2019, kuanzia mkoa hadi shule na vijiji vya kimila, ambavyo ni karibu 1,500. Kuna mashindano ya kuandika na kusoma lontar, hotuba, kusimulia hadithi, mdahalo, hata kuchapa maandishi ya Kibali kwenye kompyuta. Mdahalo ndio wenye faida kuliko yote: huwezi kuukariri.

Je, Kibali ni cha Wahindu peke yao?

La. Nenda Pegayaman, wilaya ya Buleleng, kijiji cha Waislamu cha karne nyingi. Lugha ya nyumbani ni Kibali, na watoto hupewa majina ya mpangilio wa kuzaliwa kama Wabali wengine, Wayan, Nengah, Nyoman, Ketut, likifuatwa na jina la Kiislamu. Makanisa ya Blimbingsari na Palasari nayo huimba kwa Kibali. Ugumu uko kwenye kanuni za Alhamisi zinapoambatana na salamu za kidini: ofisi yenye watu mchanganyiko itumie rahajeng semeng, ambayo haina dini, na mambo yaende.

Nje ya ofisi na shule, Kibali kinaishi wapi?

Redioni, kwanza. Kuna utamaduni wa pesantian: mmoja huimba mstari wa shairi la Kikawi, mwingine hufasiri papo hapo kwa Kibali cha alus. Redio na televisheni, RRI Denpasar na Bali TV zikiwemo, zimeuweka hewani: wasikilizaji hupiga simu, mmoja aimbe, mwingine afasiri. Dereva, mama wa kioski, mstaafu. Darasa la alus lisilo na ada.

Gazeti la Bali Post lina kurasa za Kibali ziitwazo Bali Orti toleo la Jumapili, tangu 2006. Muziki wa roki kwa Kibali ulishika vijana mwanzoni mwa miaka ya 2000, nao ulitumia andap kavu ya mtaani. Mtandaoni kuna BASAbali Wiki, kamusi na jukwaa la lugha tatu (Kibali, Kiindonesia, Kiingereza) ambalo UNESCO ililitunuku tuzo ya kisomo mwaka 2019. Siri yake ni mashindano ambamo vijana huandika maoni yao kwa Kibali juu ya takataka, foleni na utalii, mambo ya leo yanayowauma. Wikipedia ya Kibali ipo, na tangu 2024 Google Translate hutafsiri Kibali, japo ngazi za heshima huzichanganya. Usimwandikie mkwe kwa msaada wake.

Mimi ni mgeni. Nijifunze ngazi gani kwanza?

Tiang kwa "mimi", na maneno ya madia. Hutamtukana mtu wala hutajikweza. Jifunze maneno ya alus kwa jozi, la kumkweza mwenzako pamoja na la kujishusha, parab yake na wasta yako, usijifunze moja peke yake.

Na nikikosea?

Sema "Ampura, tiang kari malajah", yaani samahani, bado najifunza. Kisha endelea kwa Kibali. Mwenzako atataka kukuhurumia kwa kuhamia Kiindonesia. Mjibu kwa Kibali mara mbili zaidi, naye atarudi.